Piga ni kwa G

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa Mwalimu Mmm kimepinda kama ndoano, na kilichokipinda ni neno "mama".

Alikuwa msichana wa miaka saba. Ubaoni ziliandikwa herufi nne, na mwalimu wao, mzee mmoja mwenye rula ya mbao iliyozungushiwa bati ukingoni, akamsimamisha. Taja herufi, kisha soma neno. Akazitaja bila kukosea hata moja: "Me. A. Me. A." Haya, unganisha. Akaunganisha alivyopewa: "Meamea."

Kwa haki kabisa, alikuwa amepatia. Ukimpa mtu me na a, ma ataitoa wapi? Lakini mzee hakuwa mtu wa haki. "Meamea? Kwani mama yako mbuzi?" Darasa likacheka, rula ikashuka kwa ule upande wa bati, kidole kikalia ta! kama kijiti kikavu. Jioni mama yake, ambaye hakuwa mbuzi, alikifunga kwa kitambaa na mpini wa kijiko, akamwambia: "Mwanangu, kesho usiunganishe kitu." Naye hakuunganisha kitu kwa miaka miwili.

Kusoma alikuja kujua akiwa na miaka tisa, peke yake, karai la nguo mbele yake. Aliitazama karatasi ya sabuni mpaka povu likamkaukia mikononi, ndipo akaona kwamba neno lile haliendi "seabeunei" kama shule ilivyotaka. Linaanza na mlio, sss, kama tairi lililochomwa msumari. Herufi haina haja ya jina. Ina sauti. Akapiga kelele, akapigwa kofi kwa kupiga kelele, akaendelea kusoma huku shavu linawaka.

Basi alipokuwa mwalimu wa darasa la kwanza, aliapa mambo mawili: hatamfundisha mtoto majina ya herufi kabla ya milio yake, na hatashika fimbo. M ilikuwa mmm, kama unaonja kitu kitamu. Ndiyo iliyompa jina. P ilifundishwa kwa kipande cha karatasi mbele ya mdomo: ukitamka, karatasi inaruka. K na g zilikuwa na shughuli yake. Hizo ni pacha, zinazaliwa mahali pamoja nyuma ya ulimi, na ili kuzitenganisha unaweka kiganja kooni. K inapita kimyakimya kama mdaiwa. G inatetemesha koo.

Shule yenyewe ilikuwa majengo matatu yaliyokaa kama watu waliogombana, kila moja limempa mwenzake mgongo. Chumba cha Mwalimu Mmm kilikatwa katikati kwa ukuta wa mbao. Upande huu yeye na watoto sabini na mmoja. Upande wa pili Kiboko.

Hakuna aliyekuwa na uhakika kama jina hilo lilitokana na mjeledi au na mnyama, na umbo lake halikusaidia kuamua. Alipewa wale walioshindwa kusoma, wa kila umri, awanyooshe. Fimbo yake aliipaka mafuta kila asubuhi kwa upendo ambao mkewe, kwa maneno ya mkewe mwenyewe, hakuwahi kuuona. Ilipoanza kazi, mbao za ukuta zilitikisika, na watoto wa upande huu walihesabu kwa midomo bila sauti. Ndiyo maana darasa la Mwalimu Mmm lilikuwa bora kwa hesabu, mpaka kumi na mbili. Siku moja mtoto alitoka mle sikio linavuja damu, akaambiwa ainamishe kichwa ili asichafue shati la shule.

"Herufi zako zinaingilia sikioni," Kiboko alimwambia Mwalimu Mmm katika ofisi ya walimu. "Zangu zinaingilia matakoni. Tuone zipi zinakaa."

"Kwa hiyo wanafunzi wako wanasoma wakiwa wamekaa?"

Walimu wakacheka. Kiboko hakucheka, na alasiri ile mbao zilitikisika kuliko kawaida. Tangu siku hiyo Mwalimu Mmm alijifunza kubana ulimi, maana utani wake ulilipwa na migongo ya wengine.

Mkuu wa shule, mama wa makamo aliyependa kusema "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" huku akijigusa kifuani ili watu waelewe ni mkuu gani, alimwita mwanzoni mwa muhula.

"Mwalimu, wazazi wanauliza. Watoto wanarudi nyumbani wananguruma. Mmoja kakaa mezani akamwambia baba yake sss, baba akadhani ananyamazishwa, akamtoa jino."

"Samahani, Mkuu. Lakini wanasoma."

"Nitaona. Ijumaa ya mwisho wa muhula nakuja mwenyewe. Kila mtoto ataandika sentensi yake na kuisoma mbele yangu. Wote wakisoma, darasa lako. Akishindwa hata mmoja, naubomoa ukuta wa mbao na wote wanakuwa wa Kiboko."

"Hata mmoja, Mkuu?"

"Si wewe uliyesema hakuna mtoto asiyefundishika? Mimi nimekusikia tu."

Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo, sabini walikuwa wanasoma. Na walikuwa wanasoma kwa vita. Mwalimu Mmm alikuwa na sanduku la vitabu ishirini na sita vya hadithi, vingine bila jalada, kimoja bila mwisho, na sanduku likifunguliwa watoto walivamiana kama kuku waliomwagiwa mtama. Walikwaruzana, walivutana masikio, msichana mmoja alimpiga mwenziwe kisogoni na kisa cha sungura ili apate kisa cha fisi. Mwalimu hakuamua haraka. Aliwahi kuona watoto wakigombea mpira, kiti, hata nafasi ya kukojoa. Kitabu alikuwa hajaona.

Wa sabini na moja alikuwa Bubu.

Jina hilo alipewa na watoto, na halikuwa la kweli. Masikio yake yalikuwa mazima na ulimi pia. Hakusema tu. Alikaa dawati la mwisho, mgongo ukutani, na aliyemkaribia kwa nyuma aling'atwa. Aliwang'ata tisa muhula ule, mmoja mpaka ikabidi ashonwe. Wazazi walilalamika. Mwalimu Mmm mwenyewe alibeba alama ya meno mkononi, kwani siku ya somo la k na g alinyoosha kiganja kuelekea koo la Bubu, na mtoto akamrukia kama paka aliyemwagiwa maji ya moto.

Darasa likanyamaza likisubiri kofi. Kofi halikuja. Mwalimu akafuta damu kwa kanga, akapiga magoti mbele ya dawati, akainua kidevu.

"Haya. Wewe nishike mimi."

Bubu akamshika koo kwa mikono miwili, akakaba. Hakuwa anacheza. Alikuwa na miaka saba, lakini vidole vyake vilijua mahali pa kwenda, vile viwili vya gumba vilienda moja kwa moja penye shimo. Macho ya mwalimu yakajaa machozi.

"Mwalimu anakufa!" mtoto mmoja akapiga kelele kwa furaha.

"Gggg," akasema mwalimu kwa shida. "Ga. Ge. Gi."

Vidole vikalegea. Bubu akasikia koo likitetemeka ndani ya viganja vyake. Akainama, akasogeza sikio. "Kkk," akasema mwalimu, na koo likatulia. "Gggg." Likatetemeka. Kitu kama tabasamu kikapita usoni mwa mtoto, kikaondoka upesi kabla hakijaonekana na wengine. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika sandukuni, na kwa kuwa meno yake yalifahamika, aliachiwa njia. Alisoma kwa macho tu, midomo imefungwa. Lakini alisoma.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho wakaandika sentensi. Ubaoni mwalimu alikuwa ameweka maneno ya kuchagua: baba, mama, paka, anapika, analala. Akapita kati ya madawati na kalamu nyekundu. Mama anapika. Mama anapika. Paka anapika, huyo aliambiwa aonyeshe paka wake kwanza. Akafika dawati la mwisho. Bubu alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kukandamiza, karatasi nusu imetoboka: *Baba anapiga mama.*

Moyo wa mwalimu uliruka kwa furaha, tuseme ukweli. Sentensi nzima! Kosa dogo tu la pacha wale wawili. Akaikata g kwa wekundu, akaandika k juu yake, akasoma kwa sauti ili amsifu mbele ya wote: "Baba anapika mama. Hongera sana!"

"Anampika?" akauliza mmoja. "Kwenye sufuria?"

"Na chumvi!" akadakia mwingine, na darasa zima likalipuka, watoto sabini wakimpika mama wa Bubu, wengine wakimkoroga, wengine wakimwonja mmm kwa mlio waliofundishwa. Mwalimu naye alicheka. Hilo ndilo lililomnyima usingizi baadaye, kwamba naye alicheka.

Bubu hakung'ata mtu. Aliushika mkono wa mwalimu, ule wenye kidole kilichopinda, akauweka kooni kwake yeye mwenyewe. Chini ya kola ya shati kulikuwa na michubuko minne upande huu na mmoja upande ule, ya rangi ya zambarau iliyoanza kuwa njano.

"G," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Koo likatetemeka mkononi mwa mwalimu. "Gggg. Anapi-ga."

Kicheko kikafa dawati kwa dawati.

Mwalimu alimfuata mkuu ofisini akiwa na chaki mkononi, akamweleza yote. Mkuu alisikiliza akipanga karatasi.

"Ya vyumbani mwa watu hayaingii ofisini kwangu. Baba yake ni fundi wa kuchomelea, ndiye aliyetutengenezea geti la shule. Mtoto amesema?"

"Amesema, Mkuu."

"Basi mpe sentensi nyingine, asome Ijumaa, tumalize."

Mwalimu akampa: *Paka analala.* Bubu akatikisa kichwa. Mwalimu akamwomba aliache daftari sandukuni. Akatikisa kichwa vilevile, akaliweka ndani ya shati, kifuani, akaenda nalo nyumbani. Ungemwambia nini? Kwa muhula mzima mwalimu huyo alihubiri kwamba kitabu ni rafiki, usikiache peke yake.

Ijumaa mkuu alikaa mbele ya darasa, miguu ameipishanisha, orodha magotini. Kiboko alisimama mlangoni na fimbo kwapani, kama mpangaji aliyekuja kupima chumba atakachohamia. Watoto wakaja mmoja mmoja. *Mama anapika. Dada ana kitabu. Mwalimu ana kovu.* Mkuu akaweka alama. Hamsini. Sitini na nane. Dawati la Bubu lilikuwa tupu.

"Sabini," akasema mkuu. "Na huyu wa mwisho?"

Kiboko akaanza kuugonga ukuta wa mbao kwa kifundo cha kidole, taratibu, akisikiliza palipo pazuri pa kuanzia kubomoa.

Ndipo akasukumwa kando. Mtu aliyeingia alikuwa na miwani myeusi ya kuchomelea juu ya paji la uso na mikono iliyojaa vijishimo vya cheche. Mkono mmoja ulishika daftari, mwingine ulimshika Bubu juu ya kiwiko, akimbeba kama ndoo. Mdomo wa mtoto ulikuwa umepasuka.

"Nani anaitwa Mmm hapa?"

Watoto wawili watatu wakacheka kwa mazoea.

"Mimi, baba. Karibu. Mwachie mtoto kwanza."

"Baba nani? Mimi nimekuzaa? Jana naingia kwangu, nasikia huyu anamsomea mama yake. Huyu! Miaka saba hajaniamkia, leo anasoma gazeti, na habari ni mimi!" Akalipiga daftari juu ya meza ya mkuu, chaki zikaruka. "Nani kamwandikia upuuzi huu? Na wewe ndiye unayekaba watoto koo? Kanionyesha! Kaniwekea mkono hapa!"

"Fundi, tuongee ofisini," akasema mkuu, akisogeza kiti nyuma.

"Tunaongea hapa hapa. Mkuu, huyu mtoto anajua kuandika?"

Chumba kizima kikamgeukia Mwalimu Mmm. Alimtazama mkuu na orodha yake ya majina sabini yenye alama. Aliutazama ukuta wa mbao. Aliutazama mkono ule juu ya kiwiko cha Bubu, jinsi ulivyokuwa ukisubiri jibu ili ujue pa kwenda. Miaka kumi na miwili alisema hakuna mtoto asiyefundishika.

"Hajui," akasema. "Hajui kuandika wala kusoma. Niliandika mimi."

Upande wa Kiboko kukasikika mtu akivuta pumzi ya ushindi.

Kofi la kwanza lilimtoa Mwalimu Mmm jino. La pili lilimpeleka ubaoni, kichwa kikagonga palipoandikwa *paka analala*, na kabla hajateleza chini fundi alishamshika koo, vidole vinne upande huu na kimoja upande ule. Mkuu alikuwa anaita jina la Mungu. Kiboko, ambaye fimbo yake haikuwahi kukosa mtu wa kimo cha ndoo, alikuwa ameificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Najua!"

Ilikuwa ile sauti ya bawaba. Bubu alikuwa amepanda juu ya meza ya mkuu, daftari limefunguliwa mbele ya uso, na hasira iliyokuwa usoni mwake haikuwa juu ya baba. Ilikuwa juu ya mwalimu. Ameambiwa mbele ya watu kwamba hajui kusoma.

"Mwongo! Najua! Ba-ba. A-na-pi-ga. Ma-ma." Akafungua ukurasa wa pili, ambao hakuna aliyejua kuwa upo. "Ba-ba. A-na-ni-ka-ba. Mi-mi."

Dirishani walikuwa wamejaa watoto wa madarasa mengine, mpishi wa shule, na mlinzi. Wote walisikia. Fundi akamwachia mwalimu. Akageuka mezani, akakunja ngumi, na ngumi ile haikuwa ya kutisha tu.

Kilichofuata Mwalimu Mmm hukisimulia kwa ufupi. Aliichomoa fimbo nyuma ya mgongo wa Kiboko. Ya kwanza ilimpata fundi kifundoni, ngumi ikafunguka. Ya pili usoni, miwani ikavunjika. Baada ya hapo hakuchagua mahali. Alipiga alipoanguka, alipiga alipojikunja, alipiga alipokuwa anasema "basi, basi, mama, basi," na kila fimbo ilipotua sauti za watoto zilihesabu, safari hii kwa nguvu, midomo wazi: nane, tisa, kumi. Walipofika kumi na mbili wakakwama, hawakujua namba inayofuata. Yeye hakukwama. Aliendelea mpaka fimbo ikavunjika, kisha kwa kipande kilichobaki, mpaka mlinzi akamkumbatia kwa nyuma akamwinua juu, miguu inapiga hewa.

Askari walikuja baada ya saa nzima. Jumamosi mama wa Bubu alikwenda kituoni mwenyewe, jicho moja limefumba, mkono umefungwa kwa mtandio, akasema yale ambayo mwanawe aliyasoma, na mengine ambayo mtoto hakuwa na herufi zake. Fundi akabaki ndani. Mama na mtoto wakahamia kwa mama mkubwa, ng'ambo ya kiwanda cha matofali.

Jumatatu mkuu alimwita Mwalimu Mmm, akamwonyesha orodha. Sabini na moja, wote na alama.

"Darasa lako. Sina neno." Akamtazama yale mashavu yaliyovimba, akashusha sauti kwa heshima ya aina mpya. "Na kumbe fimbo unaijua."

Nje ya ofisi Kiboko alikuwa anamsubiri na fimbo mpya, imeshapakwa mafuta. "Ya kwangu umeivunja, si neno. Hii nimekukatia wewe. Karibu chamani, dada."

Akampita bila kuipokea. Mdomo ulikuwa unamuuma.

Uwanjani darasa lake lilikuwa linacheza mchezo mpya. Walijigawa wawili wawili, mmoja fundi, mmoja Mwalimu Mmm. Kila mmoja alitaka kuwa Mwalimu Mmm. Walikuwa wamevunja matawi ya ua wa shule, na waliokuwa mafundi walijikunja mavumbini wakisema "basi, mama, basi," na wale walimu wadogo hawakuacha. Mmoja wa mafundi alikuwa analia kweli, shavu lina mchirizi wa damu, na mwenzake alikuwa anamhesabia. Milio ya herufi iliwachukua muhula mzima. Somo hili walilishika kwa dakika moja, wote, bila hata mmoja kurudia.

Bubu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa, kitabu cha fisi mapajani, hachezi. Alimwona mwalimu amesimama.

"Wanapiga," akasema.

"Nimeona."

"Wewe ulipiga."

"Nilipiga."

Bubu akafunga kitabu. "Ulikosea?"

Mwalimu Mmm akafungua mdomo. Jibu la kwanza lililokuja lilikuwa tamu, nalo lilikuwa hapana. Akalimeza pamoja na damu kidogo.

"Sijui," akasema. "Nikijua nitakwambia."

Kisha akaingia uwanjani, katikati ya vumbi na kelele, akamfikia wa kwanza, akanyoosha mkono mtupu. "Nipe." Mtoto akakaza. Akamvua vidole kimoja kimoja, taratibu, asimuumize, akaichukua ile fimbo, akaivunja gotini, akaenda kwa wa pili. Walikuwa zaidi ya thelathini. Nyuma yake, alipokuwa kwa wa nne, wa kwanza alikuwa ameshavunja tawi jingine.